Maswali ya Wasomaji: Utopia Ng'ombe Anachinjwa na Nani?

Mwezi uliopita nilieleza ukurasani hapa habari za Utopia, kisiwa cha kubuni alichokiandika mwanasheria wa Kiingereza Thomas More. Kitabu kilichapwa kwa Kilatini mwaka 1516. Huko hakuna mali ya mtu binafsi, kazi ni saa sita kwa siku, milango haina kufuli, na kila baada ya miaka kumi watu hubadilishana nyumba kwa kura. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea. Nimechagua tatu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha pili, Morogoro. Nimeitafuta Utopia kwenye atlasi ya shule sijaiona. Iko bahari gani? Na kama haipo, mbona uliandika kama ipo?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hutaiona. Jina lenyewe limeundwa kwa Kigiriki, na maana yake ni mahali pasipokuwepo. More alimpa baharia Mreno kazi ya kusimulia, akataja miji 54 na mji mkuu uitwao Amaurot, ili msomaji asadiki kidogo. Alikuwa na sababu. Uingereza ya siku zake wezi walikuwa wakinyongwa, na wakulima wakifukuzwa mashambani ili kondoo wapate malisho. Ukikaa nusu saa katika nchi isiyo na njaa, ukirudi kwako unaanza kuuliza njaa yenu imeletwa na nini. Nami niliandika kama ipo kwa sababu hiyo hiyo. Endelea kufungua atlasi.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mzee wa Shinyanga, nilikuwa katibu wa tawi la TANU, chama tawala cha siku zile, wakati watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Unasifu ndoto ya Mzungu wa miaka 500 iliyopita, lakini ndoto yetu wenyewe, ya ujamaa, umeikalia kimya. Mwaka 1974 ulikuwa wapi? Na kama tulikosea, tulikosea wapi?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, juu ya lori, katika wilaya moja ya huko huko Usukuma.

Nilikalia gunia la mtama. Miguuni pangu palikuwa na kuku wawili wamefungwa kamba. Mama alikuwa ameukumbatia mlango wa nyumba yetu, ule ubao wenyewe, kwa sababu baba aliung'oa ili aufunge kwenye nyumba mpya. Nyuma yetu mgambo walikuwa wameshaezua paa. Tulishushwa kilomita saba kutoka pale, kando ya barabara, mbele ya kigingi chenye namba. Nyumba mpya haikuwepo. Mvua za kwanza zilitukuta ndani ya kibanda cha mabua.

Baba hakuwa mpinzani wa ujamaa. Kadi ya TANU aliikata mapema na aliitunza kwenye kopo pamoja na risiti za pamba. Alilolia yeye ni samadi. Kwetu boma la ng'ombe lilikuwa katikati ya minyaa, na shamba la mahindi na viazi likiizunguka kaya yetu. Ardhi ile ilikuwa imelishwa samadi tangu enzi za babu. Kule kwenye vigingi tulipewa kipande cha mchanga. Ng'ombe wa kaya zote walinywa lambo moja, na mwaka wa pili nyasi za karibu zilikuwa zimekwisha. Shamba la zamani lilibaki mbali, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulala huko, kwelea kwelea na ngedere walivuna kabla yetu. Miaka hiyo ya 1973 na 1974 mvua pia ilikuwa haba sehemu nyingi za nchi, na serikali ililazimika kununua mahindi nje. Watu wengine wanasema ni ukame, wengine wanasema ni operesheni ile ya kuhamisha watu. Kwetu vilikuja pamoja, na mtoto aliyekuwa na njaa hakuweza kuvitenganisha.

Kisha kulikuwa na shamba la kijiji, la pamba. Karani wa kijiji alisimama kwenye tuta na daftari la mahudhurio. Mama alilima pale siku nyingi kuliko baba, kwa sababu baba alikuwa akifuata ng'ombe. Siku ya mgao siku zake zote zilisomwa kwa jina la baba. Mama hakusema kitu mkutanoni. Alisema nyumbani, usiku, na nilimsikia.

Lakini nitasema na hili, mzee wangu, kwa moyo wote. Kabla ya lori shule ilikuwa mwendo wa saa mbili. Pale kijijini niliisikia kengele nikiwa bado nakunywa uji. Zahanati ilifunguliwa. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya watoto wote, na mdogo wangu wa kike, ambaye angebaki nyumbani kuchunga mbuzi, aliandikishwa. Bila lile lori nisingekuwa mwalimu, na wewe usingekuwa na mtu wa kumwandikia barua hii. Nayabeba yote mawili. Sikubali anayeniambia nichague moja.

Umeuliza tulikosea wapi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967 alisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Lakini kosa ninaloliona mimi lilitokea kabla ya amri ile, nalo halitajwi sana.

Kule Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa kwa hiari yao. Hawakuletwa na lori. Walilima pamoja, wakapanga kazi na mgao katika mikutano yao, wakawa na shule yao na mashine ya kusaga. Vijiji vingine viliona vikafuata, hadi vikafika 17 ndani ya chama kimoja cha maendeleo. Kilikuwa ndicho kile kile Mwalimu alichokiandika, na kilikuwa kinatembea kwa miguu yake. Septemba 1969 TANU ilikivunja chama kile. Wale wakulima walikuwa wamezoea kuamua wenyewe, na wapo wakubwa waliokuwa hawapendi kuambiwa "hapana" na mkulima. Miaka minne baadaye tukaanza kuwapakia watu kwenye malori ili wakaishi walivyoishi watu wa Litowa. Hapo ndipo tulipokosea, mzee wangu. Mwaka 1977 Mwalimu mwenyewe alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha na akakiri mapungufu waziwazi. Namheshimu kwa hilo. Na wewe nakuheshimu kwa kuuliza.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni vijana 19, wengi tumemaliza chuo hatuna ajira. Tunataka kununua ekari 30 wilaya ya Kilosa tuishi pamoja kama Utopia: jiko moja, akaunti moja, kazi saa sita, hakuna kufuli. Tumeambatanisha katiba yetu. Tunaomba uisome utuonyeshe kasoro. – Katibu.

JIBU: Marahaba wanangu. Nimeisoma mara tatu, na kalamu nyekundu mkononi kama zamani. Sitawaambia muache. Vijana 19 wanaotaka kulima badala ya kulalamika, mimi nawaombea mvua. Ila kuna vifungu vimeninyima usingizi.

Kifungu cha 4 kinasema "chakula kitapikwa jiko moja". Kitapikwa na nani? Kwenye orodha yenu wasichana ni sita. Mwakani mwezi wa tatu nikija kuwatembelea, nitawakuta wangapi kati yao jikoni, na wangapi shambani au kwenye mkutano? Hata More alikwama hapa hapa. Kisiwani kwake kaya 30 hula ukumbi mmoja, na wanaopika ni wanawake kwa zamu. Kazi nzito na chafu za ukumbini zinafanywa na watumwa. Ndiyo, watumwa. Kuchinja wanyama pia ni kazi ya watumwa, nje ya mji, kwa sababu raia wakichinja wataizoea damu na huruma itawatoka. Saa sita zile nzuri zinawezekana kwa sababu kuna mtu ambaye saa zake hazihesabiwi. Kila nikisoma mpango wa jamii isiyo na kasoro, natafuta kwanza nani anachinja, nani anaosha sufuria, nani anazibua choo. Andikeni zamu, kwa majina, wavulana na wasichana sawa, na mbandike ukutani. Saa za jikoni ziingie kwenye zile sita. Na daftari la mahudhurio lisomwe kwa sauti kila Jumamosi, mbele ya wote, kila mtu kwa jina lake mwenyewe. Mama yangu angewaambia hivyo hivyo.

Kifungu cha 7: "Mwanachama haruhusiwi kujadili mambo ya kundi nje ya mkutano." Najua mnaogopa majungu. Lakini hii ni sheria ya Utopia karibu neno kwa neno. Kule, kushauriana mambo ya nchi nje ya baraza au mkutano wa watu wote, adhabu yake ni kifo. Kule hakuna kilabu cha pombe wala pembe ya kujificha, mtu yuko machoni pa wenzake mchana kutwa, na anayesafiri bila kibali mara ya pili anafanywa mtumwa. Watu wanaolima pamoja watasemana wakiwa wanapalilia. Waacheni. Mtu aliyezibwa mdomo shambani atakuja mkutanoni kimya, mtadhani amekubali. Futeni kifungu chote.

Akaunti moja sina neno nayo, mradi waweka saini wawe watatu na wabadilike. Ila mmeandika kwamba hati ya ardhi itakuwa kwa jina la mwenyekiti "kwa urahisi". Hapana. Sajilini kikundi kwanza, ardhi inunuliwe kwa jina la kikundi, na wazee wa kijiji cha huko washuhudie. Mwenyekiti wenu huenda ni mtu mwema kabisa. Anaweza kufariki kesho, na ndugu zake hawajawahi kuwaona.

Kufuli: kila mmoja awe na sanduku lake lenye ufunguo. Hata kama ndani kuna barua mbili tu na picha ya mama.

Sasa kifungu cha 11, ambacho kwangu ni kikubwa kuliko vyote: "Atakayeondoka atapoteza michango yake yote." Mnadhani kitawashikilia. Kitawashikilia kweli, kama vigingi vilivyotushikilia sisi. Mwaka wa tatu mtakuwa na watu watano wanaokaa kwa sababu hawana nauli ya kuondoka, na hao ndio watakaopiga kura katika kila mkutano. Litowa watu walikaa kwa sababu walitaka kukaa. Andikeni hivi: anayeondoka atoe taarifa miezi mitatu, mali ihesabiwe siku hiyo, arudishiwe alichochangia kwa awamu baada ya mavuno mawili, na apewe magunia ya mahindi kulingana na siku alizolima. Mkishindwa kuafikiana kiwango, msinunue ardhi kwanza.

Nileteeni rasimu mpya kabla ya vuli. Kifungu cha 11 kiwe kimesainiwa na wote 19, na pembeni ya kila jina muandike zamu yake ya kwanza ya jikoni ni lini.