Kabla ya kutuma advansi India, isome namba ya kampuni

Naagiza mashine za kukamua alizeti na vipuri vya injini kutoka Rajkot, jimbo la Gujarat. Wenzangu Kariakoo huleta marumaru za Morbi na vitambaa vya Surat. Wauzaji wa huko wana wimbo mmoja: kiwanda ni chetu, hii ndiyo kazi yetu, tupo tangu enzi za babu. Huenda yote ni kweli. Ila majibu hayo matatu, mwenye mali, shughuli na umri, yamo ndani ya namba moja, na kuiangalia kwenye tovuti ya wizara yao ya kampuni ni bure.

Namba hiyo ni CIN. Ina herufi na tarakimu 21, na Sheria ya Kampuni ya 2013 inataka iandikwe kwenye barua na ankara. Tazama ya Reliance Industries: L17110MH1973PLC019786. L maana yake hisa zake zinauzwa sokoni. Isiyo sokoni huanza na U. 17110 ni shughuli, MH ni jimbo la Maharashtra, 1973 ni mwaka wa kuandikishwa. PLC ni kampuni ya hisa iliyo wazi kwa umma, usidhani ni ya serikali. Ya serikali kuu huandikwa GOI, kama Coal India. Sisi wa mitaji midogo tunakutana zaidi na PTC, kampuni binafsi, mara nyingi ya ukoo mmoja.

Sasa usiimeze nzima nzima. Hiyo 17110 ni ya nguo. Reliance ilianza na vitambaa. Leo ni mafuta, simu na maduka, na tarakimu zimebaki zilezile. Hata hivyo mimi siachi kuzitazama. Mtu akijinadi kuwa ana kiwanda huku shughuli yake inaanza na 51 kwenye orodha ya zamani ya shughuli, au 46 kwenye ile ya 2008, ujue aliandikishwa kama muuzaji wa jumla. Dalali mzuri ana faida zake, anakukusanyia mzigo wa viwanda vitano ukajaza kontena moja, lakini bei yake ijadili kama bei ya dalali.

Umiliki nao una kona zake. Hindustan Unilever ni PLC kama Reliance, kumbe zaidi ya asilimia 60 ya hisa ni za Unilever wa Uingereza. Na umri ndio unaodanganya kuliko vyote. ONGC, shirika la mafuta la serikali, linasomeka 1993 kwa sababu ndipo lilipogeuzwa kampuni. Kazi lilianza 1956. Karakana ya babu inaweza kuwa na CIN ya 2015. Kinyume chake pia kipo: kampuni kongwe iliyolala miaka mingi, mtu akainunua kwa ajili ya jina. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa wizara mimi hukimbilia mstari unaosema hesabu za mwisho zilizowasilishwa ni za lini, na kama kampuni bado hai au imefutwa.

Halafu kuna wasio na CIN kabisa, na Rajkot ndio wengi ninaonunua kwao. Si matapeli, ni biashara ya mtu mmoja au ya ubia. Hao omba GSTIN, namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 15. Mbili za mwanzo ni jimbo: 24 Gujarat, 27 Maharashtra. Hesabu kuanzia mwanzo, tarakimu pamoja na herufi, hadi nafasi ya sita, hapo pana herufi. P ni mtu binafsi, F ni ubia, C ni kampuni, H ni mali ya familia ya Kihindu isiyogawanywa. Tarehe ya usajili isikushtue ikisoma Julai 2017, kodi hiyo ndipo ilipoanza, kwa hiyo mkongwe na mgeni wote waliandikishwa pamoja.

Herufi hiyo ya sita ilinganishe na akaunti ya benki iliyo kwenye profoma. Ikiwa ni P, jina la mwenyewe au la biashara yake ni sawa. Ikiwa ni C na unaambiwa utume kwenye akaunti ya mtu, hata kama ni mkurugenzi, hata kama ofa inaisha leo, usitume.