Kwa mnaoanza kazi ya ndege za kivita Nellis: usiitikie kabla hujaelewa

Wadogo zangu mliopangiwa kambi ya anga ya Nellis, pembeni ya Las Vegas, karibuni sana. Najua wengine mmefika Marekani na wazazi kutoka Dar, Mombasa, Bukavu au Bujumbura, mkaapa jeshini, na sasa mnaingia kwenye kazi ya ardhini: kuhudumia ndege na kupakia silaha. Nawaandikia kwa sababu ya malezi yetu. Mkubwa akisema, sisi huitikia ndiyo. Nyumbani hiyo ni adabu. Chini ya bawa la F-16 inaweza kuua mtu.

Msimamizi atakuelekeza huku injini inanguruma, masikio umeyaziba mara mbili, kwa vizibo vya ndani na vya juu. Akiuliza kama umeelewa nawe ukatikisa kichwa kwa heshima tu, atakuachia kazi akiamini unaijua. Mwambie arudie. Mwambie akuonyeshe kwa mkono. Hakuna atakayesema huna adabu. Tena ukiona hatari, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote pale, una haki ya kusimamisha kazi, na aliyekuzidi cheo atasimama.

Ujue pia mazoezi ya vita ya Red Flag, yanayofanyika hapa Nellis, yalitoka wapi. Baada ya vita vya Vietnam, Jeshi la Anga la Marekani liliona kwamba rubani aliye hatarini zaidi ni yule ambaye bado hajamaliza misheni zake kumi za mwanzo. Ndipo mwaka 1975 yakaanzishwa mazoezi hayo, ili misheni hizo za mwanzo azipitie hapa, juu ya jangwa la Nevada, kwenye eneo la kijeshi la takriban kilomita za mraba 12,000, kabla hajakutana na adui wa kweli. Siku za mazoezi ndege huondoka kwa makundi, moja nyuma ya nyingine, na kila mtu ana haraka. Haraka hiyo isikufanye uruke hatua. Kitabu cha utaratibu kiwe wazi mbele yako hata kama kazi yenyewe unaijua kwa moyo.

Vifaa vyako vihesabu. Kila spana ina tundu lake kwenye sanduku, na tundu likiwa tupu ndege hairuki mpaka kifaa kipatikane. Mdomo wa kuvutia hewa wa F-16 uko chini ya tumbo, karibu na ardhi. Humeza kofia, kalamu, msumari, hata mtu mzima. Ndiyo maana mtapangwa mstari kuokota takataka kwenye lami. Msiione kazi hiyo kuwa ya kudhalilisha.

Rangi za silaha zisome kabla hujagusa chochote. Utepe wa njano ni baruti kali, kahawia ni ya kusukuma roketi, bluu ni ya mazoezi. Hapa kwenye bluu ndipo wageni hujisahau. Kale kabomu kadogo ka mazoezi, BDU-33, kana uzito wa kama kilo 11 tu, lakini ndani mna fataki ya kutoa moshi ili ionekane kalipoangukia. Fataki hiyo ikikulipukia mkononi, vidole huna.

Karibu na mwisho wa njia ya kurukia ndipo pini za mwisho za usalama wa silaha huchomolewa. Usiingie chini ya ndege mpaka rubani ameinua mikono na wewe umeiona yote miwili. Ukitoka, mwonyeshe pini zako, na idadi yake ilingane na uliyotakiwa kuchomoa. Ndege ikirudi na bomu lililokataa kudondoka, itaelekezwa pua upande usio na watu. Usikatize mbele yake wala nyuma yake kwa sababu yoyote.

Breki zikiwa za moto, gurudumu lifikie kwa mbele au kwa nyuma, kamwe si kwa ubavuni, maana likipasuka vipande huruka kwa pembeni. Na F-16 ina mtambo wa dharura unaotumia haidrazini, fueli yenye sumu. Ukinusa harufu kali ya amonia karibu nayo, ondoka kuelekea upepo unakotoka, toa taarifa, uwaachie wenye mavazi ya kazi hiyo.

Maji kunyweni kabla ya kiu. Julai hapa joto hupita nyuzi 40, na kwenye lami ni zaidi.

Zamu ikibadilika, usimwachie mwenzako maelezo ya mdomo pekee. Andika kwenye kumbukumbu za ndege kilichofunguliwa na ambacho hakijafungwa, umpeleke mpaka kwenye ndege, umwonyeshe kwa kidole, naye akwambie kwa maneno yake ulichomwonyesha. Akikujibu ndiyo tu, muulize tena.