Nikikaribia siku zangu, kidevu kinafura

*Shikamoo Mama Nesi. Nina miaka 26, napika mama lishe Mbagala. Shuleni sikujua chunusi. Mwaka jana baada ya kujifungua niliwekwa vijiti viwili vya uzazi wa mpango mkononi. Tangu hapo, kila wiki ya kabla ya hedhi natokwa na vipele vikubwa vinavyouma, kwenye taya na kidevu tu. Wifi anasema ni damu chafu, ninywe mwarobaini. Shoga yangu akanipa krimu ya kuchanganya. Wiki mbili niling'aa, sasa vimezidi.*

Marahaba, mwanangu. Mwarobaini mwachie wifi, damu yako haina uchafu wowote.

Mwanamke naye ana homoni za kiume, androjeni, japo kidogo. Zinatoka kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kazi yao mojawapo ni kuziamrisha tezi za mafuta za ngozi zizalishe. Mafuta yakizidi na mdomo wa kinyweleo ukizibwa na seli zilizokufa, bakteria wanaoishi humo wanastawi, ngozi inavimba, usaha unajaa. Siku za kabla ya hedhi estrojeni, homoni ya kike, inashuka na androjeni zinapata nafasi. Kwa wanawake wa umri wako, taya na kidevu ndipo huonekana zaidi.

Sasa vijiti. Vile viwili vina levonojestreli, homoni ya kutengenezwa ambayo kwenye ngozi hufanana kidogo na androjeni. Wengine hawaoni chochote, wengine wanatokwa kama wewe. Usimwombe mtu akutolee mtaani! Rudi kliniki ulikowekewa, waeleze, na kama unanyonyesha sema, maana njia ya kubadilishia inategemea hilo.

Krimu ya shoga yako ndiyo inayonikera. Nimekaa chumba cha ngozi miaka mingi, na huo mng'ao wa wiki mbili naujua: mara nyingi ni steroidi kali, kama klobetasoli. Nayo ni homoni, na yenyewe huotesha chunusi. Ukiiacha uso unaweza kuwaka kwa wiki kadhaa, ndiyo maana wengi huirudia. Nenda nayo kliniki, na kikopo chake, wakuelekeze namna ya kuiacha.

Jambo moja hukuniambia: je, unaota ndevu kidevuni, au hedhi ilikuwa ikiruka miezi hata kabla ya vijiti? Kama ndiyo, omba upimwe ovari.

Uso ukishatulia, duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Paka nyembamba usiku, eneo lote la kidevu na si kipele kimoja kimoja. Vumilia wiki 8 kabla hujailaumu. Na foronya iwe ya zamani, khanga mpya kaa nayo mbali: dawa hiyo inababua rangi ya nguo.