Boti ya Bukavu na mwaka wa nuru

Swali: "Mwalimu, salamu nyingi. Mtoto wangu wa darasa la sita ameandika kwenye daftari 'mwaka wa nuru'. Mwalimu wake amekata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake 'mwaka wa mwanga'. Mtoto amelia mpaka chakula cha usiku kikapoa. Baba yake anasema yote mawili ni Kifaransa tu kilichovaa kitenge. Mwenye haki ni nani? Swali hili nataka kukuuliza tangu miaka ya nuru, nafasi ndiyo ilikosekana." (Mama wa Himbi, Goma)

Jibu: Mama, mtoto afute machozi. Nuru tuliipokea kutoka Kiarabu, mwanga ni wa kwetu Kibantu, na yote mawili yamekaa ndani ya Kiswahili muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeulizwa tena kitambulisho. Mimi napendelea nuru, na sababu yangu ni ya kichokozi. Kule pwani, mwanga ni pia mchawi, yule anayezunguka usiku kwenye nyumba za watu. Mwandikie bibi wa Mombasa kuhusu "mwaka wa mwanga", atakuuliza unaanza mwezi gani ili ajifungie ndani mapema. Lakini hilo si kosa la kumkata mtoto kwa wino mwekundu. Arudishiwe alama zake.

Swali limekwisha. Barua yako ndiyo haijaisha, Mama, kwa sababu umeifunga na sentensi iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini: "nataka kukuuliza tangu miaka ya nuru". Umekuja kumtetea mtoto huku mgongoni umebeba kosa kubwa kuliko lake!

Na hauko peke yako. Juzi kwenye matanga mzee mmoja alisimama, akajikohoza, akasema yeye na marehemu walijuana "toka miaka ya nuru". Watu wakatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi nilitikisa changu kwa sababu nyingine. Kijana wa jirani naye akiulizwa kama ameona filamu fulani anajibu, "Ile nilishaiangaliaka toka miaka ya nuru." Neno limeonekana refu, limeonekana la wasomi, basi kila mtu analichukua kupambia uzamani.

Mwaka wa nuru si wakati, ni umbali. Ni njia ambayo nuru inaimaliza ikisafiri mwaka mzima bila kupumzika.

Najua utakachosema: mbona kuna neno mwaka pale mbele? Twende bandarini. Simama pale watu wanapopanda boti ya usiku, na magunia, na kuku waliofungwa miguu, umuulize yeyote Bukavu, upande wa pili wa Ziwa Kivu, iko mbali kiasi gani. Hatakwambia kilomita. Atakwambia, "Ni usiku moja." Unalala Goma ikiwa nyuma yako, unaamka Bukavu ikiwa mbele. Jibu ni sahihi, na umeelewa, ingawa umeuliza umbali ukapewa usiku. Ukimuuliza anayesubiri kano rapidi, ile boti ya mbio, atakutajia saa chache tu. Ziwa ni lilelile, halijasinyaa. Kilichobadilika ni chombo. Muulize na mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, anayeteremsha makaa kutoka Kibumba kule juu: kushuka ana hesabu yake, kupanda ana hesabu nyingine, na ya kupanda haiandikiki gazetini.

Sasa tuseme tumeupa umbali huo jina rasmi: usiku wa boti. Goma na Bukavu zimetengana usiku mmoja wa boti. Vizuri. Je, Mama, kuna mtu mwenye akili timamu atakayesema, "Nilimwoa mama wa watoto usiku wa boti elfu nne uliopita"? Kuna mgonjwa atakayemwambia daktari tumbo linamuuma tangu usiku wa boti mbili? Kuna mwenye nyumba atakayekubali kodi baada ya usiku wa boti thelathini? Angekuuliza unahamia Bukavu lini. Sasa ondoa boti, weka nuru. Ondoa usiku, weka mwaka. Sentensi yako ndiyo hiyo.

Wazee wetu wasingeanguka hapa, maana walikuwa na neno moja dogo la kuzuia ajali: mwendo. Kijiji kile ni mwendo wa siku mbili. Kisima ni mwendo wa saa moja. Ukisikia mwendo unajua tunapima njia kwa muda, na hakuna anayechanganya. Tungeanza kusema "mwendo wa mwaka wa nuru", leo ningekuwa nakunywa chai yangu kwa amani. Lakini tulikuta neno la Kifaransa ambalo mwaka na nuru vimegandishwa tu, tukaligeuza jinsi lilivyo, mwendo ukabaki barabarani.

Wala Mfaransa si wa kwanza kulaumiwa. Neno hili lilichapishwa mwaka 1851 katika makala ya Mjerumani Otto Ule, aliyekuwa akiwaeleza watu wa kawaida mambo ya anga. Ule mwenyewe aliona kwamba kipimo cha umbali chenye jina la mwaka kitawashangaza wasomaji. Akawaambia wasishangae, mbona wana saa ya kutembea na wanaitumia kupimia njia? Ni hoja ya bandarini kwetu kabisa, miaka 170 na zaidi kabla sijaifikiria mimi. Wasomaji wake waliielewa. Wa kwangu wanaipeleka kwenye matanga.

Kwa nini nuru ndiyo ikachaguliwa kuwa chombo? Kwa sababu ni msafiri mwaminifu. Katika anga tupu mwendo wake haubadiliki: karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Haisubiri abiria wajae, haikosi mafuta, haisimami kwenye bariere kutoa karatasi. Goma na Bukavu, ukivuta kamba moja kwa moja, zimetengana karibu kilomita 100. Nuru ingekwenda na kurudi mara 1,500 katika sekunde moja. Mwezini inafika kwa sekunde 1 na kidogo. Kutoka jua mpaka kwenye uso wako ni kama dakika 8.

Mwaka mzima wa safari hiyo ni kilomita 9,460,000,000,000 hivi. Naandika tarakimu zote makusudi, kwa kuwa hapa kwetu tuna balaa jingine. Anayesoma vitabu vya Dar es Salaam ataita hizo trilioni 9 na ushee. Aliyesoma kwa Kifaransa ataziita bilioni 9 na ushee, kwa sababu bilioni yake ni miliari elfu moja (miliari ni milioni elfu moja), wakati bilioni ya Mtanzania ni miliari moja tu. Wote wawili wamesema kweli na wote wawili watapigana. Hesabu sifuri, usihesabu majina. (Kwa boti ni miliari 94 na nusu ya usiku. Beba mkate.)

Nakubali kuna mtego ambao umewanasa hata watu makini. Usiku umeme ukikatika mji mzima, ukaipa volkano yetu ya Nyiragongo na wekundu wake kisogo, tafuta nyota inayong'aa kuliko zote. Ni Sirius, kama saa na msimu vinairuhusu. Iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru. Maana yake nuru inayoingia jichoni mwako sasa hivi iliondoka kule miaka 8.6 iliyopita, mtoto wako huyu wa darasa la sita akiwa bado anakojoa kitandani. Umeona? Namba ni ileile, 8.6, lakini mara ya kwanza nimesema miaka ya nuru, mara ya pili miaka mitupu. Ya kwanza ni njia, ya pili ni muda uliotumika njiani. Aliyefika Bukavu asubuhi amesafiri usiku mmoja, na amevuka usiku mmoja wa boti. Saa yake ya mkononi inajua moja tu kati ya hayo mawili. Kwa hiyo hata mtaalamu wa nyota akizungumzia mambo ya kale kabisa, anasema miaka. Ile galaksi ya Andromeda iko miaka milioni 2.5 ya nuru kutoka hapa, na tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 2.5 iliyopita. Hakuna aliyeongeza nuru pale mwisho ili isikike tamu.

Mtu akisema sisi tuko miaka ya nuru nyuma ya wengine kwa barabara, nitanuna kidogo nimwache. Nyuma ni umbali, amejitetea. Lakini nilimsikia mheshimiwa mmoja, jina namfichia, akisema kutengeneza barabara ya Sake "kutachukua miaka ya nuru". Goma mpaka Sake ni kama kilomita 25. Nuru inaimaliza hiyo ndani ya sehemu moja ya 12,000 ya sekunde, na mashimo yote. Kama kazi imecheleweshwa, ilicheleweshwa na watu. Nuru isisingiziwe.

Basi, Mama: daftari la mtoto ni safi. Barua yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja tu, na pembeni nimeandika "tangu zamani", maneno mawili yasiyo na makuu ambayo hayajawahi kumdanganya mtu. Iko mezani kwangu. Pita uichukue siku yoyote. Kutoka Himbi ni mwendo wa dakika kumi na tano za pikipiki ya motari.