Kwa mnaoanza kusoma ardhi ya Usukuma

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya uwandani huku Mwanza, mkiulizwa kwa nini hapa pana pori na pale pamebaki mchanga mtupu, msikimbilie kusema "mabadiliko ya tabianchi". Wala msikimbilie kuwasingizia wafugaji. Mara nyingi vyote vimo, na kimoja kimemfungulia mwenzake mlango.

Kwanza tembeeni mteremko mzima kwa miguu, kutoka kwenye mawe ya juu hadi mbugani, yaani bonde la chini. Juu mtakuta luseni, mchanga mwepesi unaolimika kwa jembe la mkono. Chini ni udongo mweusi, kiangazi unapasuka na masika unanasa gari. Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliueleza mfuatano wa namna hii miaka ya 1930. Mkulima wa Magu alikuwa akiufuata anapopanda siku nyingi kabla ya hapo. Shimo moja halitoshi. Mkichimba bondeni mkakuta mchanga umelalia udongo mweusi, jueni mchanga huo umeshuka kutoka juu: tafuteni nani alifyeka kule, kwa pamba au kwa mkaa, na mvua gani iliuzoa.

Porini, mkiona minyaa imepanga mstari, simameni. Minyaa haijipangi, huo ulikuwa ua wa kaya ya mtu. Inameni mtafute vigae na jiwe la kusagia lililolika katikati. Wengi walihamishwa miaka ya 1970, enzi za vijiji vya ujamaa. Kwingine pori ni la zamani zaidi: sotoka, ugonjwa wa mifugo, ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, malisho yakawa vichaka, mbung'o wakaingia. Baadaye wakoloni wakaamuru vichaka hivyo vikatwe ili mbung'o waondoke. Basi mtu akiniletea ripoti yenye "msitu wa asili", namuuliza: asili ya lini?

Ziwa Victoria nako, weupe ulio juu ya mawe msiuchore kama alama ya maji ya zamani. Ni kinyesi cha mnandi, ndege mla samaki. (Kila kundi jipya lina mtu anayeuchora.)

Kina cha ziwa nacho kina wakubwa wawili: mvua na mabwawa. Kupanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964 kulitokana na mvua. Kushuka kwa 2005 na 2006 kulichangiwa na ukame pamoja na maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, Nile inapotokea ziwani. Na zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, bila bwawa lolote, ziwa hili lilikauka.

Wazee msiwaulize mwaka. Waulizeni maji ya mvua za Uhuru, zile za 1961, yalifika wapi, wawapeleke pale mitumbwi ilipofungwa. Hapo pimeni kimo kutoka usawa wa maji, si umbali, kwa sababu kwenye ufuko tambarare maji yakipanda kidogo tu yanameza shamba zima. Andikeni na tarehe ya kupima.