Jibu: Kibali cha fundi kutoka nje, tuanzie wapi?

Dada, umeuliza kiwanda chako cha maji cha Mbezi kijiandae vipi ili kiruhusiwe kumwajiri fundi wa mashine kutoka India. Anza na ofisi yako mwenyewe kabla hujamtumia fundi tiketi. Usajili wa kampuni BRELA, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), vyote viwe hai.

Vibali ni viwili, na hapa wengi hujikwaa. Cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Cha ukaazi, daraja B kwa mwajiriwa, ni cha Uhamiaji. Kimoja hakifuti kingine.

Kazi kubwa ni mpango wa urithishaji ujuzi. Sheria inataka uoneshe kwamba ulimtafuta Mtanzania kwa dhati ukamkosa, na kwamba yupo Mtanzania atakayefundishwa kazi hiyo. Sisi tulipoomba kibali kiwandani kwetu tuliandika "atafundisha vijana wetu" basi, faili likarudi. Mara ya pili tukamtaja kijana mmoja wa zamu ya usiku, cheti chake cha VETA (mafunzo ya ufundi stadi) tukakiambatanisha, tukaeleza mwezi hadi mwezi atajifunza nini: kufungua pampu, kubadilisha sili, kusoma paneli. Likapita. Leo kijana huyo ndiye anaitwa mashine ikigoma, na kwa kweli hilo linanifurahisha kuliko kibali chenyewe.

Tangazo la nafasi na barua za walioomba usitupe, hata karatasi moja. Na tafadhali, fundi wako wa India asishike spana kabla kibali hakijatoka.