Kabla hujanunua Corvette ya mtumba

Kuanzia Februari hadi Machi simu yangu haipoi. Ndio msimu ambao serikali ya hapa Marekani inarudisha kodi iliyokatwa kupita kiasi, na kila kijana wa Kitanzania au Kikenya anayeishi Kentucky anajikuta na hela ya gari. Zamani waliniuliza habari za Camry. Siku hizi, wakishauona mkoko wangu kwenye maegesho ya harusi au msiba, swali ni jingine: "Kaka, nichukue Corvette, au itanifilisi?"

Kwanza, usinunue Machi. Wakati huo kila mtu ana hela, jua limeanza kutoka, na wauzaji wanalijua hilo. Gari la viti viwili lenye matairi mapana halina mpenzi Novemba na Desemba, baridi ikiingia. Hapo ndipo muuzaji anapokea simu yako kwa adabu.

Pili, ndiyo, inafaa, ila ujue ni kitu gani. Corvette si Ferrari na haijawahi kuwa. Ni gari la mbio lililoundwa na Chevrolet, watu wanaotengeneza pikapu na magari ya kupelekea watoto shule, na kwa sehemu kubwa limeundwa kwa vipuri vilevile. Raha yake imo humo na karaha yake imo humohumo. Kila kilichoazimwa kutoka kwa ndugu zake wa kawaida ni cha bei poa na kinapatikana kila kona. Kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake ndicho kitakachokutoa jasho. Ukilishika hilo, umeshajua nusu ya unachotakiwa kukagua, na historia yenyewe inalithibitisha tangu siku ya kwanza.

Lilionyeshwa Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, kwenye maonyesho ya General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet, yaliyoitwa Motorama. Mwenye wazo alikuwa Harley Earl, mkuu wa wabunifu wa GM. Mwaka huo zilitoka gari 300 tu, huko Flint, Michigan, zote nyeupe kwa nje na nyekundu kwa ndani, bodi ya faiba. Ukiliona kwenye picha unalitamani hata leo. Lakini chini ya boneti ilikaa injini ya silinda sita ya Chevrolet ya kawaida, iliyoongezwa nguvu hadi farasi 150, na giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili. Gia mbili! Hata bajaji ina nne. Wateja waliligomea. Mwaka 1955 Chevrolet walitengeneza 700 tu, wakati Ford Thunderbird, mshindani wake mpya, ilivuka 16,000 mwaka huohuo. Kuna waliotaka lifutwe kabisa.

Lililoliokoa ni azima nyingine, safari hii nzuri. Mwaka huo wa 1955 Chevrolet walikuwa wametoa V8 mpya, yaani injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 265 kwa ajili ya magari yao ya familia, wakaiweka na kwenye Corvette. Hapo akaingia Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Ubelgiji na wazazi Warusi. Alikuwa ameiona Corvette pale Motorama, akavutiwa, akawaandikia Chevrolet barua, wakamwajiri. Kufikia 1957 ile V8 ilikuwa imekuzwa hadi inchi 283, inapuliziwa mafuta kwa sindano badala ya kabureta, na inatoa farasi 283. Duntov ndiye aliyeligeuza pambo la maonyesho kuwa gari la kushindana. Kwa miaka mingi alidai injini ihamie nyuma ya dereva, mabosi wakakataa. Alifariki 1996. Injini ilihamia nyuma kwenye toleo la 2020.

Ya katikati nitayapita haraka. Sting Ray ya 1963, yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa kwa mhimili katikati mwaka huo mmoja tu, ni mali ya matajiri, itazame, usiiote. Za katikati ya miaka ya 70 ni sura bila misuli: sheria za moshi zilizibana injini hadi ile ya kawaida ya 1975 ikabaki na farasi 165. Mwaka 1981 kiwanda kilihama St. Louis kikaja hapa kwetu Kentucky, mji wa Bowling Green, na mpaka leo kipo hapo.

Ila ZR-1 ya 1990 lazima niitaje, kwa sababu vijana wanaikuta mtandaoni kwa bei inayowatoa udenda. Injini yake, LT5 ya farasi 375, GM waliibuni pamoja na Lotus wa Uingereza, ikaundwa Oklahoma na Mercury Marine, watengenezaji wa injini za boti. Ni kazi ya ustadi wa ajabu. Lakini haikuwekwa kwenye gari jingine lolote la Chevrolet. Kipuri chake kikiharibika huwezi kukichomoa kwenye pikapu iliyolala kwa wauza vyuma chakavu. Kama hii ndiyo Corvette yako ya kwanza, waachie wenye subira na akaunti mbili za benki.

Ninayoiendesha, na ninayomshauri mtu wa kipato cha kawaida, ni kizazi cha tano, C5, iliyotoka kuanzia 1997 hadi 2004. Yangu ni ya 2002, ya manyuali. Bei yake kwa mtumba inakaribiana na ya Camry iliyotumika miaka michache. Injini yake ya LS1, lita 5.7, ilianza na farasi 345, na inatoka kwenye ukoo mmoja na injini za pikapu za Silverado. Maana yake fundi yeyote wa mtaani aliyewahi kufungua Chevrolet anaijua, na spea zake hazikupi homa. Giaboksi imewekwa nyuma, karibu na matairi ya nyuma, ili uzito ugawanyike sawa. Kwenye kona unausikia huo utulivu mgongoni. Na ajabu, haili mafuta kama inavyodhaniwa. Barabara kuu, gia ya sita, mguu ukiwa na heshima, utapata karibu kilomita 12 kwa lita.

Kwa hiyo ukienda kuikagua usipoteze saa nzima unasikiliza injini. Kila mtu anasikiliza injini. Wewe anza na betri.

Kwenye C5 betri imekaa juu ya kompyuta ya injini. Betri ikizeeka na kuvuja, asidi inashuka taratibu juu ya nyaya na kompyuta, na mwenye gari hajui mpaka taa za dashibodi zianze kucheza. Niliwahi kwenda kuona moja nyekundu inayong'aa, imepakwa nta mpaka unajiona uso. Nikaomba betri itolewe. Trei yake ilikuwa imeliwa, nyaya zimevaa unga wa kijani. Muuzaji akasema "ni vumbi tu". Nikamshukuru, nikaondoka.

Kisha liulize gari lenyewe. C5 inakuonyesha kumbukumbu za hitilafu kwenye dashibodi bila kifaa chochote. Fungua swichi bila kuwasha injini, futa ujumbe uliopo kwa kitufe cha RESET, shikilia OPTIONS na ubonyeze FUEL mara nne. Zitapita namba, kompyuta moja baada ya nyingine. Yenye herufi C mwishoni ni hitilafu iliyopo sasa, yenye H ni ya zamani. Zikiwa nyingi za H usikimbie, gari la miaka 20 lina mambo limepitia. Zikiwa hazipo kabisa, shuku kidogo: huenda zimefutwa asubuhi hiyo. Liendeshe nusu saa, soma tena.

Hitilafu ninayoiogopa kuliko zote ni ya kompyuta ya breki, hasa kwenye gari za 1997 hadi 2000. Hicho ni kipuri cha Corvette hasa. Kipya hakiuzwi tena, na wanaozifufua za zamani hawafanikiwi na kila moja. Breki zenyewe zinafanya kazi, ila unapoteza ule msaada wa kuzuia matairi yasijifunge, na kwenye mvua utaukumbuka. Ndiyo maana mimi huwaambia watu waongeze hela kidogo wachukue ya 2001 kwenda mbele.

Kufuli la usukani nalo lina historia: lilikuwa linagoma kufunguka, na Chevrolet waliyaita magari hayo yarekebishwe. Chukua namba ya chasisi, muulize wakala wa Chevrolet kama kazi hiyo ilifanyika. Taa za mbele zinazoinuka zina gia za plastiki ndani ambazo huisha. Kuna watu wanauza za shaba, ni kazi ya Jumamosi moja. Geji ya mafuta ikishuka ghafla hadi sifuri wakati umejaza jana, mara nyingi ni uchafu wa salfa kwenye vipimo vya ndani ya tangi, na dawa ya kusafisha inayomiminwa kwenye mafuta husaidia. Hayo ni ya kupunguzia bei, si ya kukufukuza.

Angalia puli ya mbele ya krenki injini ikiwa inaunguruma. Ikiyumba, mpira wake wa ndani umeachia. Ipo sehemu finyu, na ufundi wa kuibadilisha ni ghali kuliko puli.

Halafu lala chini. Gari hili linavuta hewa ya rejeta kutoka chini ya bampa, kwa hiyo linakula majani, mifuko na manyoya ya barabarani. Lililokaa miaka bila kusafishwa kati ya kondensa ya AC na rejeta litapanda joto kwenye foleni ya kiangazi. Ukiwa hapohapo chini tazama mihimili ya fremu ubavuni: mafundi wasiolijua gari hili huweka jeki mahali pasipostahili wakaiponda. Bodi ya faiba haibonyei, inapasuka, na kuirudisha ni kazi ya mtu aliyezoea faiba. Ukiona rangi imetofautiana kwenye maungio, uliza maswali. Hapa Kentucky hakuna ukaguzi wa magari wa kila mwaka, kwa hiyo usidhani kuna ofisa aliyekutangulia kuangalia.

Gharama nyingine za hapa: asilimia 6 ya kodi unapobadilisha umiliki, na kodi ya mali kila mwaka kufuatana na thamani ya gari. Bima usiichukue ya kwanza unayotajiwa. Ukikubali kuendesha maili chache kwa mwaka na una gari jingine la kazini, kampuni za bima ya magari ya kumbukumbu hukupa nafuu ya maana. Matairi ya asili ni yale yanayoweza kutembea bila upepo, kwa sababu hakuna tairi la akiba na hakuna pa kuliweka. Mwenye gari wa awali akifunga ya kawaida kubana matumizi, nunua pampu na dawa ya kuziba kabla ya safari ndefu.

Safari ya kwanza nenda Bowling Green, kwenye jumba la makumbusho la Corvette lililo jirani na kiwanda. Njiani utashangaa wenye Corvette wenzako wanakupungia mkono. Punga nawe, ni ada. Tarehe 12 Februari 2014, kabla ya mapambazuko, ardhi ilifunguka ndani ya jumba hilo, kwa sababu eneo lote ni la mawe ya chokaa yenye mapango chini, ikameza Corvette 8. Ya kwanza kutolewa, ZR1 ya bluu ya 2009, ilipandishwa kwa kreni, ikawashwa, ikatoka kwa injini yake. Nilikwambia usipoteze muda kwenye injini.

Mji huo una wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na Kiswahili utakisikia dukani. Mzee mmoja alilizunguka gari langu kituo cha mafuta akauliza, "Hii motokari inabebaka batu ngapi?" Nikamjibu wawili, mzee. Akatikisa kichwa: "Na bibi ya nyumbani, na batoto?" Hilo swali lijibu wewe na mkeo kabla ya kulipa.

La kulipeleka nyumbani sahau. Corvette zote kabla ya kizazi cha nane zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto. Kenya sheria inakataa usukani huo kwa magari ya kawaida, na inakataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania, hata ukishughulikia makaratasi, bampa la mbele litabaki kwenye tuta la kwanza baada ya bandari. C8 ndiyo ya kwanza kutengenezwa na usukani wa kulia, na kwa bei yake utapata kiwanja Kigamboni na chenji.